SANTURI YA WIKI: Gitaa la Jason Becker

Wako miongoni mwenu walioninung'unikia kwamba muziki usio na mwimbaji ni mchuzi usiotiwa chumvi. Sina ugomvi nao. Walakini leo nawaomba, mwenye lawama na asiye na lawama, tukae pamoja tusikilize santuri ya Kimarekani iitwayo Perpetual Burn, iliyotolewa mwaka 1988, ambayo gitaa ndilo mwimbaji wake.

Mpigaji ni Jason Becker, mzaliwa wa Richmond, California, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka 20. Aina ya muziki wake huitwa metali ya progresivu, yaani ile roki nzito isiyoridhika na ubeti na kiitikio, bali hubadili mapigo na mwendo katikati ya safari. Ngoma zinapigwa na Atma Anur, na rafiki yake Becker, Marty Friedman, anasikika naye katika baadhi ya vipande.

Anzeni na kipande cha kwanza, Altitudes. Kinaingia polepole, kisha kijana huyo anakipitisha kile kipande kidogo cha plastiki alichokishika juu ya nyuzi kwa mkupuo mmoja, kama mtu afagiaye uwanja, ilhali vidole vya mkono wa kushoto vinainuka mara tu sauti inapotoka. Kidole kikichelewa, sauti huchanganyika zikawa makelele. Zake hazichanganyiki. Halafu sikilizeni kile kiitwacho Air, ambamo sauti za gitaa zinafuatana na kujibizana kwa mtindo wa watunzi wa kale wa Ulaya kama vile Bach. Mimi nakipenda hicho kuliko vyote, maana hapo kasi si majivuno.

Hiyo ndiyo santuri pekee aliyoitoa kwa jina lake mwenyewe akiwa mzima wa mwili. Alipokuwa na umri wa miaka 20, baada ya kuchukuliwa katika bendi ya mwimbaji mashuhuri David Lee Roth, alianza kuona mguu wa kushoto ukilegea. Madaktari wakatambua kuwa ni ugonjwa wa ALS, ambao huua neva ziongozazo misuli, na hadi leo hauna dawa ya kuuponya. Akaambiwa amebakiwa na miaka mitatu hadi mitano. Alijikaza akamaliza kurekodi santuri ya Roth iliyotoka mwaka 1991, akitumia nyuzi nyembamba kwa kuwa vidole vilikwisha kupungukiwa na nguvu. Lakini safari ya maonyesho hakuiweza.

Na hapa nawageukia ninyi wenye mgonjwa nyumbani, hasa nyumba zile ambamo mtu aliondoka na nguvu zake akarudi hawezi kuinua kikombe. Ugonjwa huo aghalabu hauyagusi macho. Becker alipopoteza sauti, baba yake, ambaye ni mchoraji, alibuni ubao wa herufi zilizopangwa kwa makundi: mtazamo wa kwanza wa mgonjwa huchagua kundi, wa pili huchagua herufi yenyewe. Baada ya mazoea, ubao wenyewe haukuhitajika tena. Aliyekaa mbele yake aliyasoma macho tu. Hakikuwa chombo cha hospitali, wala hakikuhitaji umeme.

Kwa njia hiyo aliomba maji, alitania wageni, na alitaja noti moja baada ya nyingine. Mikono ilipokwisha nguvu aliendelea kutunga kwa msaada wa kompyuta, na mwaka 1996 ikatoka santuri yake Perspective. Mwaka 2018, miaka 30 baada ya ile ya kwanza, ilitoka Triumphant Hearts. Humo wapigaji magitaa wengi walimpigia alichotunga, wakiwamo Joe Satriani, Steve Vai na yule yule Marty Friedman.

Mwenye kuweza kuzipata zote mbili, ya 1988 na ya 2018, azisikilize jioni moja, ile ya zamani kwanza. Wiki ijayo, tukijaliwa, nitawaletea nyimbo zenye maneno, ili walionilaumu nao wapate fungu lao.