Buriani Manju Dio: Tusimhukumu Mwimbaji kwa Ishara ya Pembe

Iko methali ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hutupiwa usoni kila aonekanapo akisikiliza muziki uliotoka ng'ambo: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii ina hekima yake na makala haya hayakusudii kuibeza. Hata hivyo, wahenga hao hao walitupa nyingine inayostahili kuwekwa sako kwa bako na hiyo ya kwanza: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka mingi sasa wengi wetu tumekuwa tukitoa hukumu juu ya kitanda tusichokilalia. Ninadhamiria hapa kumlilia, kwa Kiswahili na bila ya kuona haya, mwimbaji aliyenifundisha mengi kuhusu sanaa ya neno, naye ni Marehemu Ronnie James Dio, manju wa muziki wa hevi metali. Aidha, ninakusudia kutetea hoja kwamba jinsi tunavyompokea msanii kama huyu ni kipimo cha ukomavu wetu sisi wenyewe kama wahakiki.

Nianze na istilahi, maana msomaji wa jarida hili hatanisamehe nikiipita kimya. Nimetumia utohozi, yaani hevi metali, kwa sababu tafsiri sisisi ingetupotosha. Tukisema metali nzito, mwanakemia atadhani tunazungumzia risasi na zebaki. Ninachokusudia ni ule mkondo wa muziki wa roki uliochipuka Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenye magitaa ya umeme yanayonguruma, ngoma zinazotwangwa kwa nguvu, na mwimbaji ambaye hana budi kuipandisha sauti yake juu ya ghasia hiyo yote pasi na kupoteza maana ya maneno.

Dio alizaliwa tarehe 10 Julai 1942 mjini Portsmouth, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, akapewa jina la Ronald James Padavona. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiitaliano, naye alikulia katika mji mdogo wa Cortland, jimbo la New York. Kabla hajawa mwimbaji alikuwa mpiga tarumbeta, na alianza kujifunza chombo hicho angali mtoto mdogo. Yeye mwenyewe alieleza mara kadhaa kwamba hakupata kufunzwa uimbaji darasani, na kwamba ni tarumbeta iliyomfunza kuitawala pumzi. Anayemsikiliza kwa makini ataubaini ukweli huo. Dio hakupayuka. Sauti yake ilitoka tumboni, ikapanda kwa utaratibu, na kila silabi ikatua mahali pake. Sisi tunaohesabu mizani kwa vidole tunajua thamani ya nidhamu kama hiyo.

Safari yake haikuwa ya mteremko. Alianza kupiga muziki katika bendi za vijana mnamo 1957, na bendi hizo zikabadilisha majina kama kinyonga abadilishavyo rangi. Mwezi Februari 1968 bendi yake ilipata ajali ya barabarani iliyomuua mpiga gitaa wao, Nick Pantas. Dio alinusurika akaendelea. Albamu ya kwanza ya bendi yake iliyoitwa Elf ilitoka mwaka wa 1972, na mnamo 1975 aliungana na Ritchie Blackmore, aliyekuwa ameihama Deep Purple, wakaunda Rainbow. Mwaka wa 1979 alijiunga na Black Sabbath kushika nafasi ya Ozzy Osbourne, ambaye naye alituacha tarehe 22 Julai 2025. Wengi waliamini kwamba pengo la Osbourne halingezibika, lakini albamu ya Heaven and Hell ya mwaka wa 1980 iliwanyamazisha. Baadaye alianzisha bendi yenye jina lake mwenyewe, na albamu yake ya kwanza, Holy Diver, ikatoka mnamo 1983. Wakati huo Dio alikuwa na umri wa miaka 40, katika muziki ambao watu husema ni wa vijana. Subira, kweli, huvuta heri.

Sasa tuingie katika kiini cha mjadala. Shutuma inayorudiwa mno dhidi ya Dio na wenzake ni ya ibada ya shetani. Hapa nchini Kenya shutuma hii ina uzito wa pekee. Ni nchi hii iliyoundiwa tume ya rais mwaka wa 1994 kuchunguza ibada hiyo, na tangu hapo neno lenyewe limekuwa jepesi ndimini mwa watu. Mwenzetu mmoja alipopendekeza kuchunguza mashairi ya hevi metali katika utafiti wake wa shahada, alijibiwa kwa kicheko na onyo kwamba angejiletea mikosi. Hakuulizwa swali hata moja la kinadharia. Hapo ndipo penye hatari. Pale ambapo mhakiki anaacha kuuliza swali na badala yake anatoa onyo, taaluma huwa imekwisha kuaga.

Ushahidi unaotajwa zaidi ni ile ishara ya mkono ambayo Dio aliieneza majukwaani: kidole cha shahada na kidole cha mwisho vikiwa vimesimama, na vile vya katikati vikiwa vimekunjwa. Watu huiona wakasema hizo ni pembe za Ibilisi. Dio alieleza asili yake bila ya kuzunguka. Aliirithi kutoka kwa nyanya yake Mwitaliano, ambaye aliitumia kujikinga na jicho baya. Hakudai kwamba aliibuni, bali kwamba aliipeleka jukwaani alipojiunga na Black Sabbath, kwa kuwa hakutaka kuiga ishara ya vidole viwili vya amani aliyozoea kuionyesha Osbourne.

Je, msomaji wa Kiswahili anahitaji kufafanuliwa nini maana ya jicho baya? Tangu Lamu hadi Vanga, mabibi zetu wameogopa kijicho na husuda, wakawavika wajukuu hirizi na kuzifanyia nyumba zao zindiko. Bibi wa Kiitaliano na bibi wa Mvita wangekutana wangeelewana pasipo mkalimani. Basi ishara tunayoihukumu kuwa ya kumwita shetani, kwa aliyeileta jukwaani, ilikuwa kinga dhidi ya uovu. Hivyo ndivyo ishara zilivyo, kwamba maana yake haimo katika umbo bali katika jamii inayoitumia. Somo hili la semiotiki tunafundishwa darasani. Mbona tunalisahau tutokapo nje?

Isitoshe, sisi wenyewe tuna shetani katika fasihi yetu, na hatumwogopi. Mnamo 1971 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Mashetani. Shetani yumo jukwaani, anasema na kutamba chini ya mbuyu, na sote tunaandika katika mitihani kwamba yeye ni ishara ya ukoloni na ya ukoloni mamboleo. Hakuna anayedai kwamba Hussein alimwabudu shetani huyo. Iweje basi Dio asipewe haki iyo hiyo? Jalada la Holy Diver lina picha ya zimwi lenye pembe na kasisi anayezama majini akiwa amefungwa minyororo. Picha hiyo iliwakera wengi. Dio alijibu kwamba mtazamaji asikimbilie kuamua kwa sura ni nani mwovu kati ya hao wawili. Waama, adhaniaye ndiye, kumbe siye.

Mfano bora zaidi wa ukomavu wake ni wimbo wa Stargazer, ulio katika albamu ya Rising ya Rainbow ya mwaka wa 1976. Wimbo huu una urefu wa zaidi ya dakika 8, na ndani yake wamo wapiga ala wa okestra ya Munich. Msimulizi ni mtumwa. Yeye na wenzake wanalazimishwa kumjengea mchawi mnara mrefu juani, kwa njaa na kwa mijeledi, kwa kuwa mchawi amewaaminisha kwamba atapaa kutoka kileleni. Siku inawadia, mchawi anajirusha, anaanguka na kufa kama mtu mwingine yeyote. Watumwa wanabaki mchangani wakijiuliza waliteseka kwa ajili ya nini na sasa waelekee wapi.

Msomaji aliyepitia Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka wa 1951, ataitambua mbinu hii mara moja. Shaaban aliiweka nchi yake angani ili aseme ya ardhini. Dio aliujenga mnara wake katika nchi isiyo na jina ili aseme habari za kila mtawala anayewajengea watu wake ndoto kwa jasho lao. Sidai kwamba mmoja alimwathiri mwenzake, maana hakuna dalili yoyote ya hilo. Ninachosema ni kwamba istiara ni mali ya binadamu wote, na kwamba aliyezoea kuisoma kwa Shaaban ana nyenzo zote za kuisoma kwa Dio. Tena swali la mtumwa yule baada ya mchawi kuanguka ni swali ambalo bara letu limejiuliza mara nyingi tangu uhuru.

Bara letu, kwa hakika, halikuwa geni kwake. Njaa ilipoiangamiza Ethiopia katikati ya miaka ya 1980, wanamuziki mashuhuri wa Marekani walirekodi wimbo wa kuchangisha fedha mwanzoni mwa 1985. Waimbaji wa hevi metali hawakuonekana humo. Jimmy Bain na Vivian Campbell, waliokuwa wapiga ala katika bendi ya Dio, waliliona pengo hilo, na pamoja na Dio wakatunga wimbo wa Stars. Mwezi Mei 1985 wanamuziki wapatao 40 wa hevi metali walikusanyika Hollywood kuurekodi chini ya jina la Hear 'n Aid, na albamu ikatoka mwaka uliofuata. Mapato yalielekezwa katika kuwasaidia waathiriwa wa njaa barani Afrika. Hao ndio tunaoambiwa kwamba ni maajenti wa giza. Mti hutambulikana kwa matunda yake.

Haidhuru, mhakiki mwadilifu hamlilii maiti kwa kumvika sifa zisizo zake. Lipo dai kwamba Dio alijirudia, na dai hilo lina ukweli. Upinde wa mvua, mfalme, joka, moto, nuru na giza hujitokeza katika albamu moja baada ya nyingine, na baadhi ya nyimbo zake za miaka ya 1990 hazina makali ya zile za awali. Hata hivyo, tukumbuke kwamba tendi zetu nazo zimejengwa kwa fomula, na hatuwakejeli watunzi wake kwa kurejelea dua ya ufunguzi au taswira ya bahari. Kinachopimwa ni kile ambacho msanii anakifanya kwa taswira aliyoizoea. Dio, katika kazi zake bora, aliigeuza nuru na giza kuwa swali ambalo alimwachia msikilizaji alijibu.

Kuhusu kelele, nawaomba wanaokerwa nayo waukumbuke Utendi wa Fumo Liyongo. Shujaa alipofungwa, chakula kizuri alichopelekewa kilinyakuliwa na walinzi, wakamwachia mkate wa wishwa, maana hakuna aliyeutamani. Ndani ya mkate huo ilikuwamo tupa. Na ili mlio wa tupa ikikata pingu usisikike, nje kulipigwa ngoma na watu wakaimba kwa sauti kubwa. Walinzi walisikia ghasia tu, ilhali Liyongo alisikia uhuru wake. Nami nathubutu kusema kwamba hevi metali ni mkate wa wishwa: haupendezi machoni, lakini wapo vijana wengi, Nairobi wakiwemo, waliokuta tupa ndani yake. Wengine wamekwenda mbali zaidi wakaanza kuuoka mkate huo wenyewe. Bendi ya Duma ya Nairobi ilitoa albamu yake mnamo 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na kuuchanganya mkondo huu na midundo ya kielektroniki. Ni nani kati yetu aliyeandika uhakiki wa kazi hiyo kwa Kiswahili?

Dio aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo mwishoni mwa 2009, mwaka ule ule aliotoa albamu ya The Devil You Know akiwa na wenzake wa zamani wa Black Sabbath chini ya jina la Heaven & Hell. Aliaga dunia tarehe 16 Mei 2010 mjini Houston, Texas, akiwa na umri wa miaka 67. Mkewe, Wendy, alianzisha kwa jina lake mfuko wa kupambana na saratani. Mashabiki waliokutana naye walisimulia kwamba alikuwa akikaa nje baada ya maonyesho hadi wa mwisho wao amsalimu, na kwamba alikumbuka majina yao. Mtu mfupi wa kimo, mrefu wa utu.

Kwa kutamatisha, ninawasihi wanafunzi wenzangu na walimu wetu mambo mawili. Kwanza, tusikifanye Kiswahili kuwa lugha ya kusifia yaliyokwisha kusifiwa. Lugha iliyoweza kumlilia Liyongo inaweza kumlilia mwana wa Cortland, na haipungukiwi na kitu kwa kufanya hivyo. Pili, mwanafunzi ajapo na mada isiyozoeleka, tumwulize nadharia yake, data yake na hoja yake. Akishindwa kujibu, tumkosoe kwa hilo. Tusimfukuze kwa hofu ya pembe.

Buriani, manju Dio. Tarumbeta imewekwa chini, lakini pumzi uliyoipuliza ingali inavuma.