Mkaguzi Asiyepiga Hodi

Makaa ya mawe tuliyakataa Lamu. Juni 26, 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tukashukuru, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Lakini makaa yenyewe hayajaenda popote. Yako chini ya ardhi ya bonde la Mui huko Kitui, na kila baada ya muda utasikia yakitajwa tena. Na hapa kwetu Kwale, machimbo ya titaniamu yaliyoanza kusafirisha madini mwaka 2014 yalisimamisha uchimbaji Desemba 2024. Sasa mazungumzo yamehamia kwenye ardhi: itarudishwa vipi, na ni nani atakayethibitisha kwamba imerudi?

Swali hilo la mwisho ndilo nataka tulizungumze leo, ndugu msomaji. Ni swali la mkaguzi. Tunapojadili madini huku Pwani, midomo yetu yote huwa kwenye mgao: asilimia 70 ya serikali kuu, 20 ya kaunti, 10 ya jamii, kama ilivyo katika Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Mgao ni haki yetu na tuudai. Lakini mgao huisha siku machimbo yakifungwa. Shimo, kisima na vumbi hubaki na sisi. Anayesimama baina yetu na shimo hilo ni yule afisa anayekuja kukagua, na sijasikia baraza hata moja lililoitishwa kwa ajili yake.

Natoa mfano wa Marekani. Si kwa kuwa wao ni wema kutushinda, bali kwa kuwa wamechimba makaa ya mawe kwa zaidi ya karne mbili, wamezika watu kwa sababu yake, kisha wakakaa chini kuandika sheria inayosema waziwazi mkaguzi aje lini, aje vipi na aitwe na nani. Palipofaulu tupaone, na palipovuja tupaone pia.

Februari 26, 1972, katika bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, bwawa lililojengwa kwa mabaki ya makaa ya mawe lilipasuka asubuhi baada ya mvua. Maji meusi yaliteremka bondeni yakapita juu ya vijiji kimoja baada ya kingine. Watu 125 walikufa na maelfu wakabaki bila makao. Siku nne kabla ya hapo, mkaguzi wa serikali alikuwa amepita mahali hapo na kuandika kwamba hali inaridhisha.

Msemaji wa kampuni iliyomiliki bwawa, Pittston, akasema ni kazi ya Mungu. Wenyeji walighadhibika mno, na mimi kama Muislamu naielewa ghadhabu yao. Qadari tunaiamini. Lakini bwawa lile lilijengwa na watu, kwa mabaki ya kazi yao, juu ya nyumba za watu wengine. Bedui aliyemwacha ngamia wake bila kamba aliambiwa na Mtume (SAW) amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Mwenye kampuni ambaye hakufunga kitu hana haki ya kutuletea habari za tawakuli wakati wa mazishi.

Baada ya maafa hayo, na baada ya miaka mingi ya milima kupasuliwa na kuachwa wazi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti uchimbaji wa makaa ya juu ya ardhi. Rais Gerald Ford alikataa kuitia sahihi mara mbili, mwaka 1974 na 1975, akihofia kazi na bei ya nishati. Agosti 3, 1977, Rais Jimmy Carter akaitia sahihi.

Ukiisoma utaona kwamba waliotunga sheria hii walishawajua wakaguzi. Hawakuandika tu kwamba "ukaguzi utafanyika". Waliandika kwamba kila machimbo yakaguliwe kwa wastani usiopungua mara moja kwa mwezi kwa sehemu, na mara moja kila miezi mitatu kwa ukamilifu. Wakaandika kwamba ziara hizo zisiwe na ratiba inayotabirika, na mwenye machimbo asipewe taarifa kabla. Mkaguzi asipige hodi.

Sisi watu wa Pwani hodi ni adabu yetu, na dini imetufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu. Lakini machimbo si nyumba ya mtu wala hayana sitara ya familia. Ni kazi iliyoruhusiwa kwa leseni ya umma. Na kukagua bila kubisha hakukuanza Marekani. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasibu, mkaguzi wa soko, akipita kutazama mizani na vipimo. Angewaarifu wauzaji kwamba Jumanne anakuja, Jumanne mizani yote ingekuwa sawa na Jumatano ingerudi ilivyokuwa. Sote tumewahi kuona barabara ikimwagwa maji na kuta zikipakwa chokaa kwa sababu mheshimiwa anapita kesho. Ukaguzi wenye taarifa hukagua maandalizi, haukagui kazi.

Sheria ile ikaingia pia mfukoni mwa mkaguzi. Afisa wa jimbo anayesimamia kazi hii haruhusiwi kuwa na maslahi ya fedha katika machimbo ya makaa, ya moja kwa moja au ya kupitia mtu mwingine. Akikiuka kwa makusudi ni faini au kifungo. Ikaweka faini ya hadi dola 5,000 kwa kosa kwa viwango vya wakati ule, na kwa anayeambiwa arekebishe asirekebishe, kiasi kisichopungua dola 750 kwa kila siku inayopita. Mkaguzi akikuta hatari ya karibu kwa watu au madhara makubwa kwa mazingira, ana amri ya kusimamisha kazi papo hapo.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya mwananchi. Kule, serikali ya jimbo ndiyo hukagua kwanza, na serikali kuu huichunga. Mwanakijiji akiona mto umebadilika rangi au nyumba imepata nyufa kwa baruti, anaweza kuiandikia afisi ya serikali kuu. Afisi ikiona kuna sababu ya kuamini kwamba sheria imevunjwa, huliandikia jimbo na kulipa siku kumi lichukue hatua au lieleze sababu nzuri ya kutochukua. Siku kumi zikipita bure, mkaguzi wa serikali kuu huja mwenyewe. Na yule mwanakijiji aliyelalamika huarifiwa siku ya ukaguzi na kuruhusiwa kuingia pamoja na mkaguzi amwonyeshe mahali penyewe.

Lifikirie hilo vizuri. Mwenye machimbo haambiwi, mwanakijiji anaambiwa. Na ripoti haifungiwi katika kabati la mji mkuu. Nakala lazima ziwekwe mahali pa kufikika katika eneo la machimbo. Langoni pia lazima kuwe na bango lenye jina la kampuni, anwani, simu na nambari ya leseni. Bango ni kitu kidogo, lakini jaribu kuzunguka matimbo ya mawe na mashimo ya mchanga ya kaunti zetu, uhesabu ni mangapi yatakayokuambia mwenyewe ni nani.

Halafu kuna fedha. Kabla ya kuchimba, kampuni huweka dhamana inayotosha serikali kuirudisha ardhi yenyewe endapo kampuni itakimbia. Dhamana hiyo haitolewi mara moja. Sehemu kubwa hutolewa baada ya mashimo kujazwa na ardhi kusawazishwa. Iliyobaki husubiri mpaka mimea ishike, miaka mitano, au kumi katika sehemu kavu. Kampuni ikiomba irudishiwe, lazima itangaze gazetini, na jirani anayeona kazi haijakamilika anaweza kupinga.

Sheria nzuri kama hiyo ilivuja wapi?

Ilivuja kwanza kwenye msamaha. Machimbo ya ekari mbili au chini yalisamehewa, kwa nia ya kumsaidia mchimbaji mdogo. Wajanja, hasa Kentucky na Virginia, wakaukata mlima vipande vya ekari mbili mbili vilivyopangana kama shanga, kila kimoja kikijidai ni machimbo madogo. Ilibidi Bunge liufute msamaha huo mwaka 1987.

Ilivuja pia kwa watu. Tennessee iliiacha kazi ya ukaguzi mwaka 1984, na serikali kuu ikalazimika kuichukua. Sheria ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni nia na bajeti ya kuwatoa maafisa mjini na kuwafikisha mlimani.

Halafu dhamana. Baadhi ya majimbo yaliziruhusu kampuni kubwa zijidhamini zenyewe, yaani badala ya kuweka fedha ziseme tu "tunao uwezo". Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, Alpha, Arch na Peabody, kampuni tatu zilizokuwa na dhamana za aina hiyo, zote ziliomba kinga ya kufilisika. Ghafla ahadi za mamia ya mamilioni ya dola zikabaki zikiegemea kampuni zilizokuwa zikijadiliana na wadai wao. Mwaka 2019 ikaanguka Blackjewel. Katika kaunti ya Harlan, Kentucky, hundi za mishahara zikarudi bila malipo, na wachimbaji wakakaa juu ya reli kuzuia treni iliyobeba makaa waliyoyachimba wao. Kampuni iliyoshindwa kumlipa mfanyakazi wa juzi haitaukumbuka mlima.

Na hata zile siku kumi zimekuwa mpira wa kisiasa. Mwaka 2020 serikali ya Trump ilibadilisha kanuni ili afisi ya serikali kuu isikilize kwanza maelezo ya jimbo kabla ya kuamua kama itatoa notisi. Mwaka 2024 serikali ya Biden ikaandika upya kanuni hiyo ili malalamiko ya mwananchi yasikwame njiani. Hakuna aliyegusa sheria yenyewe ya 1977. Waligusa mlango ambao mwananchi huingilia. Mwenye kutaka kuua sheria bila kelele haendi bungeni kuifuta. Huchelewesha mkaguzi.

Turudi kwetu. Sitaki mtu aseme Kenya haina sheria. Sheria ya Madini ya 2016 inataka dhamana ya mazingira. Sheria ya mazingira ya 1999, iliyounda NEMA, ina wakaguzi na ina amri za kurejesha mazingira. Ibara ya 70 ya Katiba inampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Kwa kipengele hicho tuko mbele ya nchi nyingi.

Lakini waulizeni watu wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa nyumba zao, sumu ya risasi ikaingia katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikazitia taasisi za serikali, NEMA ikiwamo, katika lawama. Hukumu ikapinduliwa katika rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Upeo ikairejesha Desemba 2024. Kesi ni ushindi, naam. Lakini kesi huja baada ya damu kupimwa. Mkaguzi mmoja mwaminifu, aliyekuja bila taarifa katika mwezi wa kwanza, angekuwa rahisi kuliko mawakili wote wale.

Kwa hiyo, ikija tena habari ya makaa ya Kitui, au leseni mpya Kwale, Kilifi au Taita Taveta, tusiishie kuuliza vijana wangapi wataajiriwa na shule ngapi zitajengwa. Tuulize pale pale barazani, mbele ya kamera: mkaguzi atakuja mara ngapi kwa mwaka? Kampuni itajua siku yake? Ripoti itasomwa wapi, na kwa lugha gani? Dhamana ni shilingi ngapi, iko benki gani, na itatolewa kwa sahihi ya nani? Mimi nikilalamika nitajibiwa ndani ya siku ngapi, na nitaruhusiwa kuingia na mkaguzi nimwonyeshe?

Majibu yaandikwe katika makubaliano ya jamii na kampuni, yasibaki hewani. Maimamu, wazee wa mtaa na vikundi vya kina mama wanaweza kuchagua watu wawili watatu wa kila kijiji wajifunze kuzisoma ripoti hizo. Hawahitaji digrii. Wanahitaji kujua kisima chao kilikuwaje kabla, na kuandika tarehe.

Afisa mmoja akiandika "hali inaridhisha", pawe na mwenyeji pembeni yake anayelijua bonde lile tangu utotoni, mwenye haki ya kuuliza: inamridhisha nani?