Kilo 100 zinaingia, kilo 38 zinatoka

Juma hili tuongee juu ya watu wanaofanya kazi pamoja kwa faida moja: vikundi vyetu vya kakao, vya sabuni, vya mikate, hata depo ndogo ya mama mmoja anayelipa wafanyakazi watatu. Vikundi vikivunjika, ni mara chache tunasikia kwamba wanunuzi wamekosa. Tunasikia: «Tulikuwa kumi na wawili, tumebaki wanne, hatuaminiani tena.»

Tutazame kakao, kwa kuwa ndiyo inagombanisha watu wengi hapa Kamango. Kikundi kinanunua kakao mbichi na kuipima: kilo 100. Inatiwa katika sanduku la mbao, inafunikwa na majani ya migomba, inaachwa ichachuke siku tano mpaka saba, huku ikigeuzwa kila baada ya siku mbili. Kisha inaanikwa juu ya bashi karibu juma zima, jua likikubali. Siku ya kuuza, mizani inaonyesha kilo 38. Mama aliyeona kilo 100 zikiingia na hakuelezwa lolote, atawaza nini? Atawaza wizi. Ataanza kumtazama vibaya yule anayelala karibu na depo. Kumbe hakuna mwizi. Maji yamechuruzika, mengine yamekauka. Kwa kawaida kilo 100 za kakao mbichi zinatoa kilo 35 mpaka 40 za kakao kavu, na hiyo ndiyo asili yake.

Sisi walimu tunaona jambo hilo darasani kila mwaka: mtoto asiyeelewa namna alama zilivyohesabiwa anafikiri mwalimu anamwonea. Kwa hiyo, mbele ya kuwahubiria wafanyakazi mapendo na umoja, waelezeni kazi yenyewe. Kila mmoja, hata kijana wa kugeuza kakao anayelipwa kwa siku, asimame karibu na mizani wakati wa kuingiza na wakati wa kutoa, na hesabu iandikwe kwa chaki ukutani, kubwa, wote waione. Siku kilo 100 zikitoa kilo 28, mtu ataweza kuuliza bila kumtukana mwenzake, kwa sababu wote wanajua kawaida ni ngapi.

Kisha zamu. Mvua ya ghafla ikikuta kakao kwenye bashi na mlinzi amelala, kakao inaota ukungu. Mnunuzi akiuona anashusha bei ya mfuko mzima; hatauliza nani alilala. Tunashauri watu wawili kwa kila zamu. Si kwa ajili ya kuchungana. Ni kwa sababu anayekaa peke yake ndiye atakayeshitakiwa kila kitu kikipotea, hata kama amekesha.

Feza nazo zina mtego wake hapa kwetu mpakani. Tunauza kwa shilingi za Uganda, tunalipa wengine kwa franka, na katikati mtunza feza amebadilisha. Akiandika franka tu, mwenzake aliyeona shilingi zikihesabiwa hatapata hesabu sawa hata akijumlisha usiku kucha. Kaye iandike feza ile iliyopokelewa, na kando yake iandike bei ya kubadilisha ya siku ile. Mistari miwili tu.

Wako wamama wanaosema: «Sisi ni ndugu, kaye ya nini?» Hatukubaliani nao. Mwezi wa saba 2013, watu zaidi ya 60.000 walivuka kutoka huku kwetu Watalinga kwenda Bundibugyo. Waliorudi hawakurudi siku moja, wala wote hawakurudi mahali pamoja. Jirani unayeshika naye kazi leo, pengine miaka michache iliyopita hukumjua. Undugu hautoshi kubeba depo. Na hata kwa ndugu wa kweli, wenzetu wa pwani wana methali yao: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazameni AVEC zetu. Kasha lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu, na kasha lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE pamoja na wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na umefika mpaka kwetu. Hatujasikia mama akilalamika kwamba kufuli la tatu linamtukana. Mbona basi mizani na kaye vionekane kama matusi?

Neno moja kwa mama mwenye kuajiri. Siku ya malipo ikitajwa, ifuatwe. Mfanyakazi anayeambiwa «kesho» mara tatu ataanza kujilipa mwenyewe, kikombe kwa kikombe, na hapo hakuna mizani itakayokusaidia. Kama feza haijafika, mwite mbele ya siku, mwambie kwa nini na lini.

Na wale wasiojua kusoma? AVEC zina njia nzuri. Mwisho wa mkutano, jumla ya feza iliyobaki kashani inatajwa kwa sauti, na wanachama wanaiweka kichwani. Mkutano unaofuata, mbele ya kufungua kasha, wanaulizwa waitaje. Kikundi cha kakao kinaweza kufanya vile vile na kilo: mama mmoja asiyesoma akumbuke zilizoingia, mwingine akumbuke zilizotoka, na sekretere asifungue kaye mpaka hao wawili wameisha kusema.