Kilo za koltani zinapimwa, hewa ya shimo je?

Kalembe iko mpakani mwa Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini. Jina lake lilisikika sana Oktoba 2024, M23 na Wazalendo walipopigania mji huo. Upande wa Masisi kuna koltani ya Rubaya, upande wa Walikale kuna kasiterite ya Bisie. Madini hayo yanapimwa kwa kilo, na magunia yanayopita njia rasmi hufungwa lebo. Lakini lebo haisemi lolote juu ya hewa aliyovuta aliyeyachimba.

Koltani mara nyingi huwa na urani na thori ndani yake. Urani hugeuka polepole na kutoa radoni, gesi isiyoonekana wala kunuka. Shimoni ambako upepo haupiti, gesi hiyo hujikusanya na kutoa mionzi ya alfa. Nje ya mwili, alfa huzuiwa hata na karatasi. Ikiingia kwenye mapafu pamoja na hewa na vumbi, inayaumiza kutoka ndani. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaitaja radoni kati ya sababu kubwa za saratani ya mapafu, nyuma ya tumbaku.

Maabara zinazotengeneza dawa za mionzi kwa ajili ya hospitali haziichezei alfa. Pampu huvuta hewa kupitia kichujio, mashine huhesabu alfa iliyonaswa, na kiwango kikizidi kengele hulia na watu hutoka. Mapafu ya mfanyakazi wa huko hayana tofauti na ya kijana wa Masisi.

Utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu koltani ya Masisi ulikadiria kwamba anayetwanga na kuchekecha mawe hayo anaweza kupata hadi milisiveti 18 kwa mwaka. Raia wa kawaida hapaswi kuzidi 1. Kiwango cha 20 kimewekewa wafanyakazi wa mionzi, ambao hufuatiliwa na kupimwa.

Wengine watasema: vita kwanza, mionzi baadaye. Lakini mapafu hayangoji amani. Tena kupima radoni hakuhitaji mtambo mkubwa. Kuna vipimo vidogo vya plastiki visivyotumia umeme; vinaachwa shimoni miezi mitatu, kisha vinasomwa maabara. Kinga nayo inajulikana: kupitisha hewa shimoni, kulowesha mawe kabla ya kuyatwanga, kutolala ndani ya shimo. Kitambaa cha puani hupunguza vumbi tu, gesi kinaiacha ipite.

Kongo ina sheria ya kinga dhidi ya mionzi tangu 2002, na kamati yake ya taifa, CNPRI. Koperative na wanunuzi wanaopata faida kwa koltani ndio wa kulipia vipimo hivyo, na matokeo yasomwe mbele ya wachimbaji wenyewe. Aliyeweza kufikisha mzani hadi mlangoni mwa shimo hashindwi kufikisha kipimo cha hewa.