Wanaokwenda Arabuni Bado Ni Wananchi

Wasomaji wetu wa umri mkubwa wanakumbuka wakati ambapo pasipoti ilikuwa hisani ya wakubwa. Wakili Gibson Kamau Kuria alikamatwa mwaka 1987 kwa kuwatetea wafungwa wa kisiasa, akawekwa kizuizini, na hata alipoachiliwa pasipoti yake ikabaki mikononi mwa serikali. Mwaka 1988 alitunukiwa huko Marekani tuzo ya haki za binadamu iitwayo kwa jina la Robert F. Kennedy, na hakuweza kwenda kuipokea. Utawala wa siku zile uliamini kwamba Mkenya akivuka mpaka atakwenda kusema, na kusema ndiko ulikokuogopa. Mnamo Julai 1990 ilimbidi wakili huyo akimbilie ubalozi wa Marekani ili apate njia ya kutoka nchini.

Leo mambo yamepinduka. Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutoka Kenya, na hakuna mpenda mageuzi atakayeijutia. Lakini serikali haikutosheka kuilinda haki hiyo. Imeigeuza kuwa sera ya ajira. Kijana akiuliza kazi iko wapi, anajibiwa kwamba iko Riyadh, au Doha, au Berlin. Mpango wenyewe umepewa jina la Kazi Majuu, jina linalotuambia, bila aliyelitunga kukusudia, kwamba sisi tuliobaki tuko chini.

Tuseme mapema kwamba hatumlaumu anayeondoka. Tumewasikia wahubiri, na baadhi yao ni watu tunaowaheshimu, wakimtumia Elimeleki wa Bethlehemu kuwakemea vijana: kwamba aliuacha mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate, akaenda Moabu kwa wageni, akafia huko pamoja na wanawe wawili. Tunawaomba wahubiri hao wakisome tena kitabu cha Ruthu tangu mstari wa kwanza. Msimulizi anataja njaa kabla ya kumtaja mtu yeyote, na kabla ya njaa anataja utawala, yaani siku za waamuzi, zama ambazo kila mwenye nguvu alitenda apendavyo. Naye Naomi hakurudi kwao kwa kukemewa. Alirudi aliposikia kwamba kwao kuna chakula.

Njaa yetu nayo ina historia na ina wenyewe. Katika miaka ya 1990, huku dhahabu na almasi zisizokuwapo zikilipiwa fidia kutoka hazina ya umma katika kashfa ya Goldenberg, maelfu ya watumishi wa serikali walikuwa wakipunguzwa kazini kwa jina la kurekebisha uchumi. Kiwanda cha nguo cha Kisumu kikafa, nacho kilikuwa kikinunua pamba ya wakulima wa Nyanza. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na mji uliokizunguka ukabaki kama ganda. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya wakulima kuungoja mshahara wa miwa yao. Baba aliyefanya kazi Webuye alisomesha watoto kwa kazi ile moja. Binti yake leo ana cheti cha kidato cha nne, pengine na cha chuo, na mlango ulio wazi mbele yake ni wa wakala wa ajira ya ng'ambo.

Hebu tuutazame mlango huo, kwa maana wengi wetu tunaushangilia ushirikani siku ya maombi ya kuaga bila kuuliza kilichoandikwa kwenye mkataba. Mtumishi wa nyumbani huahidiwa mara nyingi riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi, fedha ambazo kwa thamani ya hivi karibuni ni shilingi 30,000 na kidogo zaidi. Ni fedha nyingi kuliko anazopata yaya wa Nairobi, na si haki kumcheka anayezitamani. Lakini anaingia katika mfumo wa kafala, ambamo mwajiri, yaani kafili, ndiye mdhamini wa kuwapo kwake nchini. Saudi Arabia ililegeza masharti ya wafanyakazi wa kigeni mnamo Machi 2021, wengi wakaweza kubadilisha mwajiri. Watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Pasipoti huchukuliwa, ingawa ni kinyume cha sheria za huko. Kazi huanza alfajiri na haina saa ya kwisha, pengine katika nyumba ya pili ya jamaa wa mwajiri ambayo haikutajwa popote. Akilitoroka lango kwa sababu ya kipigo au mshahara wa miezi kadhaa usiolipwa, mwajiri huripoti kwamba mtumishi wake amekimbia, na tangu saa hiyo yeye aliyedhulumiwa ndiye mkosaji mbele ya polisi.

Wapo wanaorudi salama, wamejenga nyumba ya mama na kuwasomesha wadogo zao. Tunawajua, tumeketi nao ibadani, na hatutaki kuandika kana kwamba hawapo. Lakini tunazijua pia hesabu nyingine. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ililieleza Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili, wengi wao watumishi wa nyumbani, na sababu iliyotolewa na wenyeji mara kwa mara ilikuwa moyo kusimama. Ni mioyo gani hii ya mabinti wa miaka ishirini na kitu inayosimama kwa wingi namna hiyo? Mnamo Machi 2025 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi wake: Wakenya wafanyakazi wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamekufa nchini humo katika miaka mitano. Taifa lililopoteza watu kiasi hicho katika ajali moja lingepeperusha bendera nusu mlingoti. Hawa walirudi mmoja mmoja, katika masanduku, kwa michango ya harambee, na kila kijiji kikadhani msiba ni wake peke yake.

Serikali haiwezi kudai kwamba haikujua. Mwaka 2014 ilipiga marufuku safari hizo na kufuta leseni za mawakala zaidi ya 900. Miaka michache baadaye mlango ukafunguliwa tena. Wapo waliosema marufuku irudishwe, na sisi hatukubaliani nao. Marufuku humwondolea msafiri mkataba na leseni ya wakala, lakini haimwondolei njaa. Atapitia njia za panya, na huko hata jina lake halitaandikwa.

Kwa nini basi ulinzi ni hafifu kiasi hiki? Jibu moja liko katika hesabu za Benki Kuu. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani dola za Marekani zipatazo bilioni 4.94, fedha zinazozidi mapato ya chai, au ya kahawa, au ya utalii. Zaidi ya nusu zilitoka Marekani, lakini Saudi Arabia imepanda upesi na kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa. Waziri wa fedha mwenye deni la kulipa kwa dola hawezi kuutazama mkondo huo kwa jicho la mzazi. Chai ikianguka bei, wakulima huandamana na wabunge wao hupiga kelele. Mtumishi wa nyumbani aliyefungiwa ghorofani katika mji wa Dammam hana chama cha ushirika wala mbunge. Jibu la pili ni mawakala wenyewe. Tunataka sajili ya wenye hisa katika kampuni hizo iwe wazi kwa umma, ili mbunge anayeketi katika kamati ya leba ajulikane kama ana duka lake katika biashara hiyo.

Wala tusidhani kwamba wanaosukumwa nje ni wale wasio na elimu pekee. Julai 2021 Kenya ilitia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi Uingereza, ilhali zahanati zetu zina milango na hazina wauguzi. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, tangu Machi hadi Mei, na shina la mgomo lilikuwa madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwaahidi takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Umma unalipa karo ya kumfundisha daktari miaka sita, kisha serikali inasema haina fedha za kumwajiri, kisha nchi tajiri inampokea akiwa amekwisha kuiva. Huu ni msaada, ila unatiririka kinyume: maskini ndiye anayemsaidia tajiri.

Na hapa ndipo suala hili linapogusa kazi yetu ya mageuzi. Mtu aliyebanwa ana njia mbili: kubaki na kupaza sauti, au kuondoka. Utawala wowote usiopenda kelele utaona kwamba njia ya pili ni nafuu kwake. Juni 2024 vijana waliujaza mji wa Nairobi na miji mingine wakiupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakaingia hata Bungeni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliouawa katika miezi ile kuwa watu 60. Tarehe 13 Septemba mwaka huohuo, mapatano ya kuwapokea wafanyakazi wa Kenya yalitiwa sahihi mjini Berlin. Hatusemi kwamba mapatano yale yalibuniwa kwa sababu ya maandamano. Mazungumzo yake yalikuwa yameanza mapema. Hata hivyo, ilitangazwa huku kwamba nafasi ni 250,000, na Wajerumani wenyewe wakakanusha kwamba hesabu hiyo imo. Tunauliza: aliyeitaja alikuwa akimwambia nani, na kwa nini alitaka asikike?

Aliyeondoka, tena, hupunguzwa sauti kwa njia iliyo kimya zaidi. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 wapiga kura walioandikishwa ng'ambo walikuwa wapatao 10,400 tu, kati ya zaidi ya milioni 22 waliokuwa katika daftari la nchi nzima. Walipiga kura ya rais peke yake. Vituo vilikuwa katika nchi 12. Qatar na Falme za Kiarabu zilikuwamo, Saudi Arabia haikuwamo. Yaani Mkenya wa Riyadh alikuwa na uwezo wa kutuma dola zinazoipa shilingi nguvu, lakini hakuwa na sanduku la kutilia kura. Mwaka 1982 Micere Githae Mugo alikimbilia uhamishoni na baadaye akavuliwa uraia wake. Tulilaani, na tulikuwa na haki ya kulaani. Watumishi hawa hawakuvuliwa chochote kwa amri. Wameachwa tu.

Kwa hiyo tunadai kwamba kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 Wakenya wa Saudi Arabia waandikishwe katika miji wanamofanya kazi, Riyadh na Jeddah zikiwa za kwanza, na siku ya kuandikishwa iwe pia siku ya afisa wa leba kusikiliza mashtaka yao. Tunadai kwamba mapatano yoyote ya ajira na nchi nyingine yaletwe Bungeni na kuchapishwa kabla ya kutiwa sahihi. Tunadai kila wakala aweke dhamana ya fedha inayotosha kumrudisha nyumbani kila aliyempeleka, akiwa hai au amefariki, ili harambee za maiti zikome. Wagombea watakapokuja kuomba nafasi ya kusalimia waumini, waulizwe mambo haya madhabahuni palepale, na wasipewe kipaza sauti mpaka wameyajibu. Makanisa yaliyothubutu kusema mwaka 1990, Timothy Njoya katika mahubiri yake ya mwaka mpya na Askofu Henry Okullu baada yake, hayakungoja ruhusa ya mtu.

Lakini madai huchukua muda, na wapo watakaosafiri juma hili. Tunaziomba parokia na matawi yetu yote yafungue daftari. Kila anayeondoka aache humo jina lake, nakala ya pasipoti na ya mkataba, jina la wakala na nambari ya leseni yake, jina la mwajiri na mji, na simu ya jamaa mmoja asiyehamahama. Akubaliane na jamaa huyo siku moja ya juma ya kupiga simu, na neno moja la kawaida ambalo akilitaja maana yake ni kwamba hayuko salama na hawezi kusema. Majuma mawili yakipita bila sauti yake, watu wawili wa kamati waende Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira na Wizara ya Mambo ya Nje wakiwa na karatasi hizo, waombe barua iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, na warudi tena juma linalofuata. Daftari lifunguliwe kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi, na anayelitunza asiwe jamaa wala mshirika wa wakala yeyote.