Tuonyesheni mpaka wa bahari ya kuvulia



Nina kero yetu sisi tunaovua kwa mshipi kwa kujiburudisha. Korogwe hatuna bahari, ila tuna Mto Pangani, na wengi wetu tulijifunzia humo kutupa ndoana kwa kuwavua kambare na perege. Likizo ikifika tunapanda basi kwenda Tanga au Pangani kutafuta changu na kolekole. Tukifika huko, hatupati mtu wa kutueleza kwa uhakika wapi panaruhusiwa kuvua na wapi pamekatazwa.

Safari iliyopita, kwenye mwalo mmoja wa pwani yetu, nahodha alituhakikishia kwamba leseni ni ya mwenye chombo na abiria hahusiki. Tuliporudi na samaki wetu, mtu aliyejitambulisha kuwa mtumishi wa serikali alisema tumevua ndani ya hifadhi, tulipe faini papo hapo. Tulimwomba atuonyeshe mpaka kwenye ramani, hakuwa nayo. Tulipodai stakabadhi, ile faini ikashuka hadi nusu. Faini inayoshuka kwa kuombwa stakabadhi si faini ya sheria.

Hatupingi hifadhi hata kidogo. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, inalinda silikanti, samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka tangu zama za kale, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga amekuwa akinaswa kwenye majarife yanayotegewa papa. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni eneo tengefu tangu mwaka 1975. Miti yake imekwisha na kumebaki fungu la mchanga, lakini matumbawe yake bado ni mazalia ya samaki. Tena pwani hii iliumizwa na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi. Mwenye akili hawezi kutaka turudi huko.

Lakini sheria isiyojulikana mpaka wake humnufaisha mjanja na kumwonea mnyonge. Tunayo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, tunayo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009. Eneo tengefu halivuliwi. Hifadhi ya bahari ni jambo jingine: kule Mafia, kwa mfano, bahari imegawanywa katika kanda, iko ya kiini isiyoguswa kabisa na ziko ambazo uvuvi unaruhusiwa kwa masharti. Tofauti hiyo mtu wa kawaida ataijulia wapi, ikiwa haijaandikwa pale anapopandia mashua?

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Mifugo na Uvuvi, pamoja na wasimamizi wa hifadhi, mambo manne. Kwanza, kila mwalo uwe na bango la Kiswahili lenye ramani, likionyesha maeneo yaliyo wazi, yaliyofungwa, na zana zinazokubalika. Pili, mipaka iwekewe maboya yanayoonekana kutoka chomboni. Tatu, leseni ya kuvua kwa burudani, pamoja na bei na masharti yake, ipatikane pia katika ofisi za halmashauri za bara kama Korogwe na Handeni, ili mtu asafiri akiwa nayo mkononi. Nne, malipo yote, ya leseni na ya faini, yapitie namba ya malipo ya serikali, na anayedai fedha taslimu ufukweni achukuliwe hatua.

Tuko tayari kulipa na tuko tayari kukatazwa. Tunachodai ni kuambiwa mapema, kwa maandishi, ili atakayevua palipofungwa asiwe na kisingizio, na atakayetutoza isivyo halali asiwe na mwanya.


Mvuvi wa mshipi,
Manundu, Korogwe.