GARI LA KUTAZAMIA SIMBA HALIBEBI UFUTA

Ndugu wanachama wa ushirika, wake kwa waume,

Anayejua kusoma asome kwa sauti, na mwenzake asiyejua asikilize. Jambo hili ni letu sote maana fedha ni zetu sote.

Mnakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita tulikubaliana ushirika ununue chombo cha usafiri. Hapo hatuna ugomvi na mtu. Ugomvi umeanza siku dalali alipoleta gari lake. Ni Land Cruiser ndefu, iliyokuwa ikibeba watalii katika kambi moja huko hifadhini. Ina viti saba vya sponji nene, madirisha mapana, na paa linaloinuka ili mtu asimame ampige picha simba. Kambi imelichoka, sasa inaliuza. Baadhi ya viongozi wetu wa bodi wamelipenda kweli kweli. Wamekaa ndani, wamepigwa picha. Mmoja amesema eti sasa ushirika wetu utaheshimiwa wilayani.

Sisi tunasema hapana. Tunasema hapa ukutani, mchana, wala hatusemi kwa kunong'ona kilabuni.

GARI HILI LILIZALIWA WAPI?

Tusidanganywe kwamba magari haya ya porini yalitengenezwa kwa ajili ya wakubwa. Yalizaliwa shambani. Huko Uingereza alikuwako mhandisi wa kampuni ya Rover, jina lake Maurice Wilks. Alikuwa na shamba lake kisiwani Anglesey, na shambani humo alitumia Jeep iliyobaki ya vita. Akaona ni heri kampuni yake itengeneze gari la mkulima. Basi Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Ilikuwa na mahali pa kufunga shafti, injini ikazungusha pampu ya maji au msumeno. Toyota nao walianza mwaka 1951 na gari la kazi ngumu, si la harusi.

Tazameni sasa mambo yalivyogeuka. Mwaka 1970 ikatoka Range Rover, gari la porini lenye raha ya mjini. Baadaye yakaja haya makubwa ya Toyota ambayo wananchi wenyewe wameyapa jina, mashangingi. Land Rover ya zamani, ile Defender yenye pembe pembe, iliacha kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya iliingia sokoni mwaka 2020, nayo kiwanda hakiitoi na bodi wazi ya kupakia magunia.

Na Marekani ni vivyo hivyo. Mwaka 1988 kampuni ya Kawasaki ilitoa kigari kidogo cha shamba, ikakiita Mule, maana yake nyumbu wa kubeba mizigo. Leo viko vigari vya ukoo huo huo vyenye injini kali, kazi yake kuruka vilima vya mchanga siku ya mapumziko. Mnaona soko linavyokwenda? Linamhama mwenye jembe, linamfuata mwenye starehe, kwa kuwa mwenye starehe halipi kwa kuhesabu magunia.

Hatumtukani mtalii. Mtalii analeta fedha nchini, na vijana wetu wengine wanapata kazi kambini. Starehe yake ni yake. Tunachokataa ni huu mtumba wa starehe kuteremshwa kwetu kwa jina la maendeleo.

MANENO YA BODI NA MAJIBU YETU

Neno la kwanza: "Gari lina nguvu, gia za magurudumu yote manne, litapita kwenye tope." Kweli, lina nguvu. Lakini gia si daraja. Mwezi Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipokata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, magari yalilala foleni, yenye gia hizo na yasiyo nazo. Na nguvu ya gari inatusaidia nini ikiwa halina pa kuweka mzigo?

Neno la pili: "Tutang'oa viti, tutapakia ufuta." Haya, jamani, tufikirie. Kijana wetu mmoja, fundi, amefanya kazi Arusha katika gereji wanakotengeneza magari hayo. Anasema gari hukatwa, chesisi ikaongezwa urefu, paa likatobolewa na kuwekwa mfuniko wa kuinuka. Unalipia kazi yote hiyo. Sasa ununue kwa bei ya viti, halafu uving'oe? Utabaki na boksi la vioo lenye milango ya kupitisha mtu, si gunia. Na ule mfuniko wa juu ukizeeka unavuja. Ufuta ukilowa unabadilika rangi na kuota ukungu, na ghala kuu hawaupokei. Tena tuulize na hili: nani katika bodi atang'oa kiti ambacho amekwisha kukikalia akapigwa picha?

Neno la tatu: "Tutalikodisha kwa watalii." Kubeba watalii ni biashara yenye leseni yake, ada zake za hifadhi, na dereva anayejua njia na lugha za wageni. Kambi yenye hivyo vyote imeliona gari limechoka. Sisi tusio na hata kimoja tutalifanya liwe jipya?

Neno la nne ndilo zito, na hatutalikwepa. Wanasema: "Je, mama mjamzito? Je, mgonjwa?" Sote tunakumbuka masika ile dada yetu alivyobebwa kitandani na wanaume wanne mpaka barabarani, huku mvua inanyesha. Alifika akiwa hai, mtoto hakufika. Asiyeumwa na jambo hilo si mwenzetu.

Lakini tusilitumie jeneza la mtoto kununulia viti vya watalii. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga uko mpango wa m-mama. Simu ni namba 115, haina malipo, nao hutuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandikishwa, na dereva hulipwa na mpango, si na familia. Wangapi kati yetu tulikuwa tunaijua namba hiyo usiku ule? Hakuna aliyepiga. Kosa hilo ni letu, sisi viongozi, kwa kuwa hatukuitangaza. Tumeiandika hapa chini kwa herufi kubwa. Na gari hilo likinasa kwenye bonde letu, kinachohitajika ni chombo cha kulivuta.

HESABU

Wengi wetu tulijifunza kuandika na kuhesabu ukubwani, darasani chini ya mwembe, vidole vimekwisha kuwa vigumu kwa jembe. Basi tuitumie hesabu hiyo.

Tufanye gunia ni kilo 100, na ufuta wa kupeleka ghala kuu ni gunia 300. Gari la watalii tulipe gunia moja kwa kila kiti, yaani gunia 7. Mara 42 ni gunia 294. Yanabaki 6. Kwa hiyo safari 43, kwenda na kurudi.

Sasa chukueni trekta lenye tela la tani 3. Tani 3 ni kilo 3,000, ni gunia 30. Safari 10, kazi imekwisha. Trekta ni la polepole, hatukatai. Lakini polepole mara 10 na haraka mara 43, kipi kinakula mafuta na matairi zaidi? Na wakati gari linahangaika na safari 43, mlanguzi wa kangomba amekaa na mizani yake hapo njia panda, anangoja mama aliyechoka kusubiri amwuzie kwa bei ya kutupa.

Tena kazi ya trekta haiishii kwenye ufuta. Kabla ya mvua za kupandia linalima mashamba ya wanachama kwa zamu. Mahindi yakikauka, ile shafti yake ya nyuma inazungusha mashine ya kupukuchulia. Gari likinasa, linavuta. Hiki ndicho chombo alichokuwa anakitafuta yule mkulima wa mwaka 1948. Nchi yetu nayo ilipojaribu kutengeneza gari lake yenyewe, kule Kibaha, ilianza na lori la mizigo, ikaliita Nyumbu. Haikuanza na shangingi.

TUJISAHIHISHE WENYEWE

Mtu atasema: "Ninyi mnaotaka trekta, pawatila yenu iko wapi?" Ameuliza vizuri. Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, na sisi tulipata pawatila. Tukafurahi, tukapiga vigelele. Halafu? Leo imebeba bibi harusi, kesho imebeba kiongozi kwenda kunywa, keshokutwa imelima kwa mjomba wa kiongozi bila malipo. Oili haikubadilishwa. Haikuwa na daftari wala mwenyewe. Leo iko nyuma ya ghala na kuku anatagia juu yake. Haikuuawa na udongo. Tuliiua sisi, nasi tuliokuwa viongozi tulinyamaza.

Kwa hiyo hatusemi trekta tu. Tunasema trekta pamoja na masharti:

1. Fundi asiye ndugu wa muuzaji alikague kabla ya kulipa, na spea zake ziwe zinapatikana Lindi, si kwa kuagiza ng'ambo.

2. Dereva awe mmoja, mwenye leseni, anayelipwa. Kiongozi hashiki usukani.

3. Kila lita ya mafuta iandikwe kwenye daftari, na kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe mbele ya wanachama.

4. Bei ya kulimiwa na kubebewa mzigo ibandikwe ukuta huu. Mwenyekiti atalipa bei ile ile anayolipa mjane.

5. Sehemu ya mapato iwekwe benki kwa matengenezo, isiguswe kwa posho.

6. Tela ni la mizigo. Watu hawapandi juu ya magunia.

Ndugu zetu wa bodi, hatuwachukii. Mmefanya kazi nyingi nzuri, na mizani ya ghala letu mmeisimamia kwa haki. Lakini fedha hizi zimetoka kwenye makato ya kila kilo, na kila kilo imetoka mgongoni mwa mtu. Zamani wazee wetu waliwaita wakubwa wenye magari ya fahari Wabenzi. Msiwape wajukuu zao sababu ya kutafuta jina jingine kwa ajili yenu. Heshima ya ushirika wilayani haitokani na paa linaloinuka. Inatokana na ufuta kufika ghalani mkavu, kwa wakati, na mkulima kulipwa fedha yake yote.

Dalali ameambiwa asubiri jibu. Jibu si la bodi peke yake, ni la mkutano mkuu wa Jumamosi, saa nane mchana, hapa ghalani. Njooni wote, hasa akina mama, maana ndio wanaopepeta ufuta huo. Msimwachie mtu mwingine anyooshe mkono kwa niaba yenu. Asiyekubaliana na maneno haya aandike yake. Ukuta una nafasi na chokaa ipo.

MAMA MJAMZITO AU MTOTO MCHANGA AKIPATA DHARURA: PIGA 115. HAKUNA MALIPO.

Ushirika ni nguvu yetu. Chombo kwanza kifanye kazi.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wanachama tuliokubaliana